Dogo anataka ufundi magari, nimpeleke chuo au gereji moja kwa moja?

Kaka wa Kinyerezi:
Wakuu habari za jioni. Nina mdogo wangu kamaliza kidato cha nne, matokeo ya kawaida, ila tangu utotoni yeye ni magari tu na nyumbani tumekubaliana asome ufundi magari. Nikaenda kuangalia chuo kimoja (jina naliacha) nikaomba nioneshwe karakana, nikakuta injini ya mazoezi ni ya zamani, ya kabureta na distributa, mwalimu anafundisha vizuri na vijana wanasikiliza kabisa, ila skana (kifaa cha kusoma hitilafu za gari) hakuna hata moja, nikauliza habari ya hybrid, yale magari ya mafuta na umeme, nikaambiwa hiyo ipo kwenye nadharia. Sasa mtaani zimejaa IST, Noah, Crown, Aqua, na bajaji zinafungwa gesi kila kukicha, huyu mtoto akimaliza atamtengenezea nani hiyo kabureta? Wazee wanataka cheti. Jirani yetu mwenye gereji anasema niletee mimi huyo dogo, hela ya ada mnunulieni vifaa. Nisaidieni mlio ndani ya hii kazi maana ada inatakiwa mwezi ujao.

Fundi Tabata:
Mkuu mi nina gereji na nimepokea vijana wengi wa fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Wa chuo anajua jina la kila kitu lakini taa ya injini ikiwaka anaganda. Wa mtaani ana mkono mwepesi ila hajui kwanini, anabadilisha vifaa mpaka gari ikubali, na hela inayoteketea ni ya mteja.

Juzi imekuja IST inamisi, skana ikatoa P0301, yaani silinda namba moja haichomi vizuri, kijana wangu mmoja akataka mwenye gari akanunue plagi zote na koili zote. Nikamwambia hapana, chomoa koili ya namba moja uipeleke namba tatu, ya tatu ilete huku, futa kwenye skana, washa, zunguka nayo kidogo halafu soma tena. Ikaja P0303, yaani sasa ni silinda namba tatu. Tatizo limehama na koili, basi iliyokufa ni koili, plagi haina kosa na nozeli ya mafuta haina kosa, mteja akanunua kitu kimoja akaondoka. Hapo haikuhitajika mashine ya mamilioni, kile kiskana kidogo cha bluetooth kinachosoma kwenye simu kinatosha kabisa, ila anatakiwa mtu aliyefundishwa kufikiri kabla ya kushika spana. Chuo kikinipa kijana anayejua kusoma mchoro wa waya na kutumia mita ya kupimia umeme, mengine yote ntamfundisha mwenyewe.

Mwl. wa Karakana:
Naomba niongee kama mwalimu wa ufundi, ingawa si wa hicho chuo. Mtaala kwenye makaratasi ulishabadilika, zile gredi za zamani ziliondolewa, sasa ni NVA (tuzo ya taifa ya ufundi stadi) ngazi ya 1 mpaka 3 na mwanafunzi anapimwa kwa kile anachoweza kufanya kwa mikono yake. Sasa utampimia kwenye gari gani?

Waajiri wanakatwa ile tozo ya ujuzi, SDL. Kabla ya 2013 ilikuwa asilimia 6 ya mishahara na hata wakati huo theluthi moja tu ndo ilikuwa inaenda VETA (mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi), kufika 2023 ikashushwa mpaka 3.5. Waajiri wanasema tozo ni kubwa, na hao hao wanasema vijana hawajaiva. Wakae mezani na vyuo waseme wanataka fundi wa aina gani na watoe hata injini moja ya kisasa ya kufundishia, mbona magari yaliyopata ajali yamejaa yadi.

Ila kinachoniuma kuliko vifaa ni sisi walimu. Wapo wenzangu ambao mara ya mwisho kukaa gereji inayofanya kazi ni enzi wakiwa wanafunzi. Mwalimu arudishwe gereji kila likizo, alipwe posho, ashike magari ya sasa. Na hii sera mpya ya elimu imeleta mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, mpaka sekondari, walimu wa kufundisha huko watatoka wapi kama sio hawa hawa?

Dada Umeme:
Kaka wa Kinyerezi, mimi nafanya umeme wa magari, nakuomba usimwache dogo ajifunze hybrid kwa kubahatisha. Betri kubwa ya Aqua ni volti 144, Prius inapita 200, ukiona zile nyaya za rangi ya chungwa hugusi mpaka umechomoa plagi ya usalama, umesubiri umeme uliobaki uishe, umevaa glavu zake na umehakikisha kwa mita. Gesi nayo mtungi unajazwa mpaka presha ya bar 200. Kwenye hivyo vitu viwili ukikosea mara moja hakuna kurudia. DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) wanafunga mifumo ya gesi kwenye magari hapo Dar, aanze chuo, akishaiva aulizie mafunzo ya huko. Na hata wale waliojifunzia mtaani VETA wana utaratibu wa kuwapima na kuwapa cheti, mwambie na jirani yako akapimwe.

Kaka wa Kinyerezi:
Asanteni sana, wazee nimewasomea yote. Nimeamua aende chuo, ila nitafute kingine chenye hata skana na mita. Je nikiongea na jirani dogo awe anaenda kwake jumamosi na likizo itawezekana?

Fundi Tabata:
Inawezekana na ndo njia nzuri, jumamosi magari ndo yanajaa. Ila muandikishane kabisa, atafundishwa nini, nauli nani anatoa, akiumia nani anamtibu, la sivyo atakuwa anaosha magari na kutumwa chai mwaka mzima. Hapo chuoni ukienda uliza fildi ni ya muda gani na mwalimu anawafuata huko au anasaini tu kitabu. Mita mnunulie sasa hivi, asisubiri chuo kifunguliwe, aanze kupima betri na fyuzi za gari lenu hapo nyumbani.