Tupeane uzoefu: uliyesomea meno wakati wa korona, mkono uliuzoeza wapi?

Gego la Katuba
Jambo wandugu. Juzi kijana wa staji, anayejifunza kazi kwangu, ameniuliza kwa nini nasita nikishika turbini, ile mashine ya kutobolea meno. Nimecheka, ila swali limenikaa. Jioni ya tarehe 18 Machi 2020, rais wetu wa Kongo alipotangaza kufunga shule na vyuo, nilikuwa nimeziba meno matatu tu katika vinywa vya watu. Siku chache baadaye mji wetu wa Lubumbashi ukafungwa saa 48, koti langu jeupe liko kambani linakauka. Tuliporudi, kliniki ilikuwa inang'oa tu: mwenye maumivu aingie, wengine warudi nyumbani. Turbini ilivishwa mfuko wa plastiki, maana inazunguka na maji, na maji yale yanarusha mate ya mgonjwa hewani. Kung'oa nilikujua vizuri. Kuziba nimekuja kujifunza diploma ikiwa tayari ukutani. Wengine ilikuwaje? Wanafunzi, asistanti wa chuo, watafiti, semeni.

Sabuni Moja
Docta, mimi nilikuwa mwaka wa pili. Mwalimu alituma kwenye WhatsApp: chongeni gego la kwanza la chini kwenye sabuni, mpige picha pande zote tano. Sabuni, wakati ule ule kila mtu ananawa kutwa! Mama alinipa kipande kimoja, na unga wote niurudishe kwenye bakuli la kunawia. Nilichonga kwa kisu cha vitunguu. Gego lile lina vilima vitano. Cha tano kilivunjika usiku, umeme hakuna, nikakibandika na mate. Kwenye picha haikuonekana. Nikapewa 14 juu ya 20.

Mtunza Chupa
Mimi asistanti. Nilikuwa nahesabu meno yaliyooza kwa watoto wa miaka 12, umri ambao OMS, shirika la afya duniani, inautumia kulinganisha nchi na nchi. Nilishamaliza shule mbili. Darasa za mwisho zikarudi Agosti, wengine Oktoba, na Desemba zikafungwa tena hadi Februari 2021. Watoto hawakunisubiri, walishafika 13. Tena nani angekubali nimfunulie mtoto mdomo wakati huo?
Kilichoniuma zaidi ni chupa. Nilikuwa na chupa mbili za meno yaliyong'olewa, nilizozikusanya kwa mwaka mzima nikizibadilishia maji. Maabara ikafungwa, mlinzi hana ruhusa ya kunifungulia. Nilipoingia tena, maji yalikuwa yameisha, meno yamekauka na kupasuka. Jino la hivyo hulijaribii gundi ya kuzibia, majibu yatakudanganya. Nikaanza na jino la kwanza upya.

Mpita Njia wa Kamalondo
Mimi si wa meno. Ninachojua, mlinirudisha mara mbili mkisema jino langu si la haraka. Usiku lilikuwa la haraka sana. Nilimaliza karafuu zote za jikoni.

Gego la Katuba
Yaya, pole. Hata OMS mwezi wa nane ilishauri yasiyo ya lazima yasubiri pale ugonjwa unaposambaa. Ila kuna aliyesimama mlangoni akiamua lipi ni la lazima, na mara nyingine aliyesimama pale alikuwa mimi, mwanafunzi. Jino lililoanza kutoboka mwezi wa tatu, lililohitaji kuzibwa tu, mwezi wa saba nililing'oa. Nayakumbuka kadhaa.

Koleo la Zamani
Vijana, mnalia turbini kana kwamba meno yalianza nayo. Katikati ya miaka ya 1980, hapo Tanzania, walianzisha njia ya kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono, kisha unaziba kwa simenti inayojishikia yenyewe kwenye jino. Haitaki umeme, hairushi maji. Tuliidharau, tukaiita ya vijijini. Mwaka ule wa korona niliwatoa wanafunzi wanne nje, chini ya mwembe, kiti cha plastiki kimeegemezwa ukutani, mgonjwa anatazama juu kwenye maembe. Wa kwanza alikwangua dakika arobaini, jasho linadondoka ndani ya barakoa. Nilimwambia asibonyeze, uozo ni laini, kijiko cha kukwangulia chenyewe kitamwambia kikifika penye jino gumu. Si kila tundu linafaa kwa njia hii, na lililo kati ya magego mawili litakutesa. Lakini walipata kuziba.

Sabuni Moja
Mkubwa, mbona sisi hatukuitwa chini ya huo mwembe?

Koleo la Zamani
Vijiko vilikuwa vinne.

Gego la Katuba
Mkubwa, Jumamosi upo? Nataka kuja na huyu kijana wangu.

Koleo la Zamani
Nipo. Mje saa mbili asubuhi, baada ya hapo jua linaingia machoni mwa mgonjwa.