Supavaiza asipewe watu mpaka awe na cheti? Tujadili

Wadau, naleta hoja hii nikijua kuna watakaonirushia mawe.

Wapo wenzetu wa rasilimali watu wanaopigia debe bodi ya mameneja. Wanasema kila fani ina bodi yake ya usajili: mhasibu ana NBAA, mhandisi ana ERB, mtu wa ununuzi na ugavi ana PSPTB. Sasa iweje meneja wa tawi, mkuu wa idara au kiongozi wa zamu akabidhiwe watu arobaini bila karatasi yoyote inayosema anaweza? Wanataka mtihani, usajili, ada ya mwaka na mhuri. Huna namba ya usajili, hupewi watu.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane: mafunzo kabla ya cheo naunga mkono, tena yawe ya lazima. Bodi naikataa.

Tatizo lenyewe lipo, na anayefanya kazi hapa Dar analijua. Watu wanapandishwa kwa sababu ni hodari wa kazi nyingine. Muuzaji anayevuka malengo kila mwezi anafanywa meneja wa mauzo. Muuguzi anayependwa na wagonjwa anapewa wodi nzima. Fundi anayeijua mashine kuliko aliyeileta anakabidhiwa zamu ya usiku. Barua ya cheo inatoka Ijumaa, Jumatatu ana watu.

Nitoe mfano wa kiwanda kimoja cha barabara ya Nyerere, jina tuliache. Kiongozi wa zamu, fundi mzuri kweli kweli, alikuwa na kijana mchelewaji. Amemsema, hasikii. Usiku mmoja akamtumia ujumbe kwenye simu: "Kesho usije." Mlinzi wa getini akaambiwa asimfungulie. Basi, yakaishia hapo. Hakuna barua ya kutakiwa kujieleza, hakuna kikao cha nidhamu. Kijana akaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya zile siku 30 za kupeleka malalamiko, simu mkononi. Mwamuzi akauliza vitu vya kawaida kabisa: hati ya mashtaka iko wapi? Alipewa angalau saa 48 za kujiandaa? Muhtasari wa kikao uko wapi? Upande wa kampuni wakabaki wanatazamana. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilivyokuwa wakati ule, fidia ya kuachishwa isivyo halali haikupungua mishahara ya miezi 12. Kijana alikuwa analipwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Maneno mawili ya kwenye simu, shilingi 3,600,000. Na kuchelewa alikuwa anachelewa kweli! Kwa utaratibu sahihi kesi ile kampuni ingeishinda.

Sasa niambieni, fundi yule alihitaji shahada ya uzamili? Alihitaji mtu akae naye siku mbili na Kanuni za Utendaji Bora za 2007, amwonyeshe barua ya kujieleza inavyoandikwa, wafanye kikao cha nidhamu cha mazoezi, amwambie ni kosa gani linabeba onyo na lipi linabeba kuachishwa.

Bodi inanitisha kwa sababu najua itakakoishia. Mtihani utaandikwa na wasomi, utafanywa na wasomi. Fundi wa kidato cha nne aliyekaa na mashine miaka kumi na tano atafungiwa mlango, na kampuni italeta kijana aliyetoka chuo mwezi uliopita, ana namba ya usajili, asimame juu ya kichwa chake. Kila mwaka ada. Kila mwaka semina ya kukusanya pointi katika hoteli ya Bagamoyo, mnakula kuku, mnapiga picha, mnarudi.

Na wenzetu walioanza zamani hawajafika huko. Uingereza chama chao cha mameneja kilianza 1947, kikapata hati ya kifalme 2002, sasa kinaitwa Chartered Management Institute na kinatoa hadhi ya meneja aliyeidhinishwa. Ni hiari. Asiye nayo anasimamia watu kama kawaida.

Kilichonishawishi mimi ni India. Kuanzia 2008 watafiti walichukua viwanda vikubwa vya nguo karibu na Mumbai, baadhi wakawapelekea washauri wakakaa nao humo humo ndani kwa miezi. Kazi yao ilikuwa mambo ya kawaida: sakafu isiwe na takataka, kila mashine ikiharibika iandikwe imeharibikaje, nyuzi za stoo zipangwe na kuhesabiwa, kasoro za kitambaa zijadiliwe kila siku. Tija ilipanda asilimia 17 mwaka wa kwanza. Hapakuwa na mtihani wala cheti. Hata sisi tunalo la kujivunia: ule utaratibu wa Kijapani wa kupanga na kusafisha sehemu ya kazi, 5S, ulianza Hospitali ya Rufaa Mbeya 2007, wauguzi wakaanza na makabati na mafaili yao wenyewe.

Pendekezo langu basi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, tayari inawapima mafundi waliojifunzia kazini, ule mpango wa urasimishaji wa ujuzi. Mwashi au mpishi anaangaliwa akifanya kazi, anapewa cheti chake bila kurudishwa darasani miaka miwili. Wasimamizi wafanyiwe vivyo hivyo. Mafunzo ya siku chache kabla ya kupewa watu: sheria ya kazi, usalama, kupanga zamu, namna ya kumkosoa mtu bila kumvunjia heshima mbele ya wenzake. Kisha baada ya miezi sita aje mtu amwangalie akiwa kazini. Gharama zitoke kwenye tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ambayo waajiri wanailipa tayari.

Naomba kuwasilisha.

Mhandisi, Mbezi Beach: Mleta mada, umeitaja Uingereza ukaishia njiani. Hicho chama chao chenyewe kilitoa taarifa 2023 kwamba asilimia 82 ya wanaoingia kwenye usimamizi hawajapata mafunzo rasmi yoyote. Miaka zaidi ya sabini ya hiari, matokeo ndiyo hayo. Wewe unaitumia kukataa bodi, mimi naona inanisaidia mimi. Sisi kwa ERB kijana akimaliza chuo anapitia mafunzo kazini chini ya mhandisi mzoefu miaka mitatu ndipo asajiliwe. Hakuna aliyesema anaonewa. Meneja mbovu anaumiza watu wengi kuliko nguzo mbovu, ila yeye hadondoki mkaona.

Mleta mada: Mkuu, hiyo 82 naikubali, na ndiyo maana nimesema mafunzo yawe ya lazima. Tunachotofautiana ni nani ashike mlango. Nguzo ina hesabu yake, wahandisi kumi wakikokotoa watafika jibu moja. Waulize mameneja kumi wazuri nini cha kufanya na mfanyakazi hodari ambaye ni mlevi, utapata majibu kumi na yote yamewahi kufanya kazi mahali fulani. Utasahihishaje mtihani wa namna hiyo?

Mhandisi, Mbezi Beach: Sheria ya kazi ina jibu moja. Saa 48 ni saa 48. Usalama una jibu moja. Anzeni na hayo.

Mdau wa kike, sekta ya fedha: Kaka zangu, mnaongea kama watu ambao hawajawahi kurukwa. Mimi nimesoma shahada ya uzamili jioni, miaka miwili, natoka kazini Posta saa kumi na moja, darasani hadi saa tatu usiku, nafika Kimara watoto wamelala. Nilifundishwa mikakati ya mashirika makubwa ya Marekani; namna ya kumnyima mtu likizo ya Desemba bila kugombana naye sikufundishwa. Kwa hiyo kuhusu mitaala nakubaliana na mleta mada mia kwa mia.

Lakini kile cheti ndicho kilichonipa tawi. Kabla yake nilirukwa, nafasi ikaenda kwa mtu aliyeingia kazini baada yangu, niliyemfundisha mimi mwenyewe kufunga hesabu za siku. Sababu niliyopewa: "Bado hujaiva." Kuiva kunapimwaje? Unaiva kwa kunywa soda na nani Ijumaa jioni? Siku niliyoweka karatasi mezani, neno la kuiva lilikosa pa kukaa. Mnaposema mtu apimwe kazini, jiulizeni anayempima ni nani na anatoka wapi. Mtihani wenye namba badala ya jina haujui mimi ni mwanamke wala natoka kabila gani.

Mleta mada: Dada, hapo umenibana. Nisichokikubali ni kwamba dawa iwe bodi. Nafasi ya usimamizi itangazwe ndani kwa maandishi, vigezo viandikwe, aliyekosa apewe sababu kwa maandishi. Mpimaji naye asitoke ndani ya kampuni. Hilo la mpimaji sikulisema mwanzo, na bila hilo pendekezo langu lina tundu.

Mdau wa kike, sekta ya fedha: Vigezo viliandikwa na kwetu pia. Havikutekelezwa. Nani ataenda kumshitaki bosi wake kwa kigezo?

Mfanyabiashara, Kariakoo: Jamani na sisi wadogo mtufikirie. Nina watu 12, kwa hiyo SDL inanihusu. Wenye chini ya 10 wamepona. Nashukuru Julai 2023 waliishusha kutoka asilimia 4 hadi 3.5, lakini tangu nianze kulipa sijaona mtu wangu hata mmoja akifundishwa kitu kwa hela hiyo. Mnataka niongeze na bodi? Nikimsomesha kijana, mwezi wa tatu yuko duka la jirani na ujuzi wangu. Tena niwaambie ukweli: anayenisimamia duka ni mpwa wangu. Bodi ikimkataa, namuita msaidizi, anaendelea na funguo zake. Mtakuja kukagua Kariakoo nzima nani kashika funguo?

Mstaafu, Chang'ombe: Vijana, haya si mapya. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilichukua mabenki na viwanda, wa kuviendesha hawakutosha. Chuo cha uongozi cha IDM Mzumbe na chuo cha fedha cha IFM, vyote vya 1972, vilitoka katika njaa hiyo. Tulipelekwa kusoma kwa gharama ya shirika, tukarudi na mafaili yetu chini ya kwapa, wasomi wa usimamizi.

Mnajua nini kilikuwa kinaendelea viwandani wakati huohuo? Mwongozo wa TANU wa 1971, ibara ya 15, ulikataza kiongozi kuwa na makuu na kuwaonea watu. Wafanyakazi waliikariri ile ibara kama dua. Meneja akifoka, anasomewa. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, hapa hapa Dar, walikitwaa kiwanda. Mambo yalizidi mipaka, sikatai, kuna mahali kazi zilisimama kwa ugomvi tu. Lakini sijawahi kuona mameneja wakijifunza adabu haraka kama miaka ile, na darasani hawakuifundishwa. Nyinyi mnabishana nani ampime meneja, bodi au VETA. Sijaona hata mmoja akisema aulizwe aliye chini yake.

Mhandisi, Mbezi Beach: Shikamoo mzee. Ila kuwauliza walio chini si ndiyo kumpa ushindi bosi anayeruhusu uvivu?

Mstaafu, Chang'ombe: Marahaba. Wafanyakazi wanawadharau mabosi legelege kuliko unavyofikiri. Zamu ikiwa na mvivu mmoja, mzigo wake wanaubeba wao.

Mleta mada: Mzee, naongeza hilo. Katika ule upimaji wa miezi sita, mpimaji azungumze na walio chini peke yao, bosi akiwa nje. Mfanyabiashara wa Kariakoo, wewe sina jibu lako la kutosha. Labda wenye watu chini ya 20 waanze na mafunzo tu bila upimaji. Na kama SDL haiwarudii kwa sura ya mafunzo, hilo ni dai la kupeleka kwa wahusika wa tozo, na ningelisaini mimi wa kwanza.

Kiongozi wa zamu, Tazara: Nimewasoma tangu juu. Mimi ndiye mnayemjadili. Nimepewa zamu ya usiku, watu 26, nimeongezewa shilingi 80,000. Nilipokuwa opereta nilikuwa nalipwa saa za ziada, mara moja na nusu. Siku niliyopewa cheo nikaambiwa kiongozi halipwi saa za ziada, ni sheria. Nikipiga hesabu, nimepanda cheo nimeshuka kipato. Mafunzo nayataka, hata kesho. Ila hili mbona hamlisemi?

Mleta mada: Ndugu, hapo wamekusomea nusu. Sheria inawatoa kwenye vifungu vya saa za kazi wale wanaosimamia wenzao na wakati huohuo wanaripoti moja kwa moja kwa mtu wa menejimenti ya juu. Yote mawili kwa pamoja. Na menejimenti ya juu imeelezwa humo: ni yule anayetunga sera kwa niaba ya mwajiri na mwenye mamlaka ya kufunga mkataba wa hali bora na chama cha wafanyakazi. Wewe unaripoti kwa nani?

Kiongozi wa zamu, Tazara: Kwa meneja wa uzalishaji. Yule hata glovu za watu wangu anaomba saini kwa mwingine.

Mdau wa kike, sekta ya fedha: Kaka, tafuta barua yako ya cheo uangalie wameandika unaripoti kwa nani. Halafu zile hati za mshahara za enzi ya uopereta usizitupe.