MREJESHO: Ruger Blackhawk ya zamani na New Model, ipi inabebeka na risasi 6?

Wakuu, asanteni. Niliuliza ipi kati ya hizi rivolva mbili ni salama kubeba ikiwa imejaa. Jibu: New Model, iliyoanza 1973, au ya zamani iliyobadilishwa kiwandani.

Ya zamani ina skrubu 3 ubavuni mwa fremu. Nyundo ikiwa chini inaegemea pini ya kupigia, kwa hiyo ikidondokea nyundo inaweza kufyatuka. Kama haijabadilishwa, inabebwa na risasi 5: vuta nyundo nusu, fungua kilango cha kujazia risasi, weka 1, ruka tundu moja la silinda, weka 4, funga kilango, vuta nyundo mpaka mwisho, kisha ishushe taratibu kwa kidole gumba. Inatua kwenye tundu tupu. Usikosee mpangilio huo!

New Model ina pini 2 badala ya skrubu, na kipande cha chuma kinachopanda kati ya nyundo na pini ya kupigia pale tu unapovuta triga. Kujaza, unafungua kilango tu, nyundo huigusi. Kero yake ni kwamba unapozungusha silinda, ukisikia "tik" tundu limeshapita kilango kidogo, na silinda hairudi nyuma. Isimamishe kabla ya mlio.

Skrubu 3 pekee si ushahidi kwamba si salama: Ruger huzifungia za zamani kipande kama hicho bure kiwandani Marekani na kurudisha vipuri vya awali. Vitunzeni, vinapandisha bei.