SUK Zanzibar: Umakamu wa Kwanza unapatikanaje, na wizara zinagawanywa kwa hesabu gani?

Mwalimu_Uraia

Wakuu, habari za jioni. Naandaa somo la Serikali ya Umoja wa Kitaifa (SUK) Zanzibar kwa wanafunzi wa kidato cha sita, na kila nikisoma magazeti naona maelezo yanagongana. Wapo wanaoandika kwamba chama cha pili kinagawiwa asilimia yake ya serikali, wapo wanaosema Rais ndiye anayeamua kwa hiari yake.

Naomba mnifafanulie: kipimo ni kura za Rais au viti vya Baraza la Wawakilishi? Kwa nini mwaka 2016 hakukuwa na Makamu wa Kwanza, halafu 2020 akapatikana? Na je, huu ni mpango wa aina moja na ule wa "nusu mkate" wa Kenya?

---

Kizimkazi_84

Mwalimu, magazeti yanagongana kwa sababu ndani ya SUK mna hesabu mbili, na wengi wanazichanganya zikawa moja.

Kwanza msingi. Muundo huu umeandikwa ndani ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 kupitia Marekebisho ya Kumi ya mwaka 2010. Rais Amani Abeid Karume wa CCM na Maalim Seif Sharif Hamad wa chama cha upinzani CUF walikutana Ikulu tarehe 5 Novemba 2009. Mwanzoni mwa 2010 Baraza la Wawakilishi likapitisha hoja, tarehe 31 Julai wananchi wakapiga kura ya maoni (66.4% wakakubali), kisha Katiba ikabadilishwa kabla ya uchaguzi wa 31 Oktoba. Wasisitizie wanafunzi mfuatano huo wa tarehe: kanuni za kugawana zilikubaliwa wakati hakuna aliyejua nani atashinda.

Hesabu ya kwanza ni ya Makamo wa Kwanza wa Rais, kifungu cha 39. Hapa kinachotazamwa ni kura za urais. Chama kilichoshika nafasi ya pili ndicho Rais anachoshauriana nacho katika uteuzi, ilimradi kimefikisha 10% ya kura. Kisipofikisha, nafasi inahamia kwa chama cha pili kwa wingi wa viti vya majimbo Barazani. Makamo wa Pili hana mjadala: anatoka chama cha Rais, ni mjumbe wa Baraza, na ndiye anayeongoza shughuli za Serikali humo ndani.

Hesabu ya pili ni ya mawaziri, kifungu cha 42. Kura za urais hapa hazina kazi. Rais anateua mawaziri kutoka miongoni mwa wajumbe wa Baraza, kwa kushauriana na Makamo wake wawili, akizingatia uwiano wa viti vya majimbo. Neno "majimbo" ndilo linalosahaulika. Viti maalum vya wanawake havihesabiwi, wala wale wajumbe kumi anaowateua Rais. Hao kumi wangehesabiwa, Rais angeweza kujiongezea fungu la wizara kwa uteuzi wake mwenyewe.

Chukua 2010 kama mfano wa ubaoni. Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alipata kura 179,809 (50.1%), Maalim Seif wa CUF 176,338 (49.1%). Tofauti ni kura 3,471. CUF ilivuka 10% kwa mbali, Maalim akawa Makamo wa Kwanza. Viti vya majimbo vilikuwa 50: CCM 28, CUF 22. Fungu la CUF kwenye wizara basi ni 22 ÷ 50, yaani 44%, wala si 49.1%. Wape wanafunzi wizara 16 za kubuni: 16 × 0.44 = 7.04, yaani saba. Kisha wape 15, wapate 6.6, uwaulize wafanyeje na hiyo 0.6. Katiba inasema "kuzingatia" uwiano, kwa hiyo kwenye vipande vya desimali Rais ana nafasi ya kuamua. Hiari yake inaishia hapo na kwenye kuchagua ni wizara ipi inakwenda kwa nani. Hilo la pili si dogo, maana kati ya waziri wa fedha na waziri asiye na wizara maalum kuna umbali mrefu, na hesabu ya viti inawapa uzito ule ule.

---

Mwalimu_Uraia

Ahsante sana, mkuu. Sasa 2016: kwa kanuni hiyo si lazima daima awepo chama cha pili?

---

Chake_Chake_Msomaji

Wa pili huwepo, lakini si lazima atimize sharti. Uchaguzi wa 25 Oktoba 2015 ulifutwa tarehe 28 na Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar (ZEC), Jecha Salim Jecha, kabla matokeo ya urais hayajakamilika kutangazwa. Ukarudiwa 20 Machi 2016 na CUF ikasusia. Dk. Shein akatangazwa kwa 91.4%. Aliyefuata, Hamad Rashid Mohamed wa ADC, alipata kama 3%. Mlango wa kwanza ukafungwa hapo. Ukienda mlango wa pili, wa viti vya majimbo, CCM ilikuwa imechukua vyote, kwa hiyo hakuna chama cha pili cha kuitwa. Kiti cha Makamo wa Kwanza kikabaki wazi hadi 2020.

Dk. Shein aliwaingiza serikalini watu watatu wa vyama vidogo (ADC, TADEA na AFP) kupitia zile nafasi kumi za uteuzi. Wanafunzi wako waelewe kwamba huo ulikuwa uamuzi wa Rais. Hakuna hesabu ya kifungu cha 42 iliyomlazimisha, kwa sababu vyama hivyo havikuwa na kiti hata kimoja cha jimbo. Kuiita serikali ile SUK kwa maana ya 2010 ni kuupotosha msingi wake.

2020 ni kinyume chake. Dk. Hussein Mwinyi 76.27%, Maalim Seif, sasa akiwa ACT-Wazalendo, 19.87%. Sharti la 10% limetimia, ingawa chama chake kilitoka na majimbo manne tu. Tazama jinsi hesabu mbili zinavyoachana: kwa kura za urais ACT inastahili Umakamo wa Kwanza bila ubishi, lakini kwa viti ni 4 ÷ 50, yaani 8%. Kwenye wizara 15 hiyo ni 1.2. Dk. Mwinyi aliacha wizara mbili wazi alipotangaza baraza lake mwezi Novemba, baadaye zikaenda kwa Nassor Ahmed Mazrui (afya) na Omar Said Shaaban (biashara). Mazrui aliingia Barazani kwa uteuzi wa Rais, na sababu ya kutumia njia hiyo iko wazi: waziri lazima awe mjumbe, na chama chenye majimbo manne kina watu wachache wa kuchagua.

Kuna jambo la muda pia. Katiba inampa Rais siku saba tangu kushika madaraka awateue Makamo. Dk. Mwinyi aliapishwa 2 Novemba 2020, Maalim akaapishwa 8 Desemba. Katikati hapo ACT ilikuwa bado inajadili ndani kama iingie, kwa kuwa ilikuwa imeyakataa matokeo. Huu ndio udhaifu mkubwa wa mpango mzima kwa maoni yangu. Katiba imepanga namna ya kugawana baada ya uchaguzi, ila haisemi afanyeje Rais pale chama kinachostahili kinapoona uchaguzi wenyewe haukuwa halali na hakileti jina.

---

Mji_Mkongwe_Maktaba

Nyongeza ya historia, maana bila hiyo vijana watadhani serikali ya mseto Zanzibar ilianza 2010.

Januari 1961 viti vya Baraza la Kutunga Sheria vilikuwa 22: Afro-Shirazi Party (ASP) 10, Zanzibar Nationalist Party (ZNP) 9, Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) 3. ZPPP ikagawanyika, wawili wakaenda ZNP na mmoja ASP, ikawa 11 kwa 11 na hakuna wa kuunda serikali. Kikaongezwa kiti cha 23, uchaguzi ukarudiwa Juni: ASP 10, ZNP 10, ZPPP 3. Safari hii watatu wote wakasimama na ZNP, na Mohammed Shamte wa chama kidogo kuliko vyote akawa kiongozi wa serikali. Ghasia za siku hizo ziliua watu 68 kwa hesabu rasmi.

Julai 1963, viti 31: ASP 13, ZNP 12, ZPPP 6. ASP ilikuwa na zaidi ya 54% ya kura zote, lakini kura zake zilirundikana kwenye majimbo ambayo ingeshinda hata kwa nusu yake. ZNP na ZPPP wakaungana kwa viti 18 wakachukua serikali nzima. Ukiwapimia wanafunzi kwa kipimo cha kifungu cha 42, ASP ingestahili 13 ÷ 31, karibu 42% ya wizara. Haikupata hata moja. Uhuru ulikuja 10 Desemba 1963, Mapinduzi 12 Januari 1964. Sisemi hesabu ya mawaziri peke yake ingezuia yaliyotokea, kulikuwa na ardhi, kazi na mengine mazito, lakini nusu ya nchi kukaa nje ya serikali lilikuwa jambo zito vilevile.

Kuhusu Kenya: nusu mkate ulikuwa mapatano ya kugawana serikali ya 28 Februari 2008 kati ya Mwai Kibaki na Raila Odinga, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kuzaa machafuko. Ulipangwa baada ya matokeo, kwa watu na vyama maalum, na ulikuwa na mwisho wake. Wa Zanzibar hautaji jina la chama chochote na hauna tarehe ya kuisha.

---

Kizimkazi_84

Kabla hujafunga somo, Mwalimu, gusia madaraka. Makamo wa Kwanza ni mshauri wa Rais na anafanya kazi anazopangiwa naye. Ofisi yake imesimamia mambo kama mazingira, UKIMWI, dawa za kulevya na watu wenye ulemavu. Haongozi Baraza la Wawakilishi wala hana kura ya turufu kwenye Baraza la Mawaziri. Waziri wa chama cha pili naye anabanwa na uwajibikaji wa pamoja: uamuzi ukishapita, anautetea hadharani hata kama chama chake kiliupinga.

Kati ya 2010 na 2015 vyama vyote viwili vyenye majimbo vilikuwa serikalini, kwa hiyo Baraza halikuwa na kambi rasmi ya upinzani. Kazi ya kuibana Serikali iliangukia kamati za Baraza na wawakilishi wa viti vya nyuma wa CCM na CUF. Swali zuri la insha: nani aikosoe bajeti ambayo chama chake kimo ndani yake?

---

Mwalimu_Uraia

Nimepata zaidi ya nilichotafuta. Nitaanza na jedwali la 2010 na 2020, kura upande mmoja na viti upande wa pili, kisha insha hiyo. Shukrani kwenu nyote.