Naomba ushauri: kupanda Mount Lemmon kwa baiskeli

Habari zenu wakuu. Niko Tucson, Arizona, na Oktoba nataka kupanda Mount Lemmon kwa baiskeli ya mbio kupitia Catalina Highway. Chini ni jangwa la Sonora, madungusi ya saguaro marefu kama nguzo za umeme. Juu, kijijini Summerhaven, zaidi ya mita 2,300, ni misonobari na baridi. Mlima si mkali sana, ila hauishi: kilomita 40 hivi!

Mliowahi kupanda, mnabeba maji kiasi gani? Au nigeuzie Windy Point, kama nusu ya njia? Na wakati wa kushuka, koti jepesi la upepo linatosha, au vidole vitaganda kwenye breki? Giya yangu nyepesi kabisa ni 34 kwa 28 (meno 34 mbele, 28 nyuma), na magoti yameshaanza kulalamika.