Nyie wenye miradi ya programu huria, mwongozo unaodanganya mmemwekea nani?

Wakuu, nimekereka na leo sipambi maneno.

Kuna maktaba moja ya programu huria (msimbo ulioandikwa tayari, uko wazi kwa wote, wengine tunauchomeka kwenye mifumo yetu), jina silitaji, wenyewe wamo humu na wanajijua. Kazini tunaitumia kuunganisha mfumo wa mteja na huduma ya malipo. Ukurasa wa rejea, ule wa mwongozo unaoorodhesha kila mpangilio na unachopokea, unasema kweupe kabisa kwamba muda wa kusubiri jibu unaandikwa kwa sekunde. Nikaweka 30. Mfumo ukaanza kukata kila muamala kabla seva haijajibu lolote. Mteja anapiga simu, bosi anapiga simu, mimi nalaumu mtandao, nalaumu seva, nalaumu hadi TANESCO. Mwisho nikafungua msimbo wenyewe: kumbe walishahamia milisekunde matoleo kadhaa nyuma! Yaani 30 yangu haifiki hata kupepesa jicho. Mwongozo haukuguswa.

Asije mtu hapa na "ungesoma msimbo". Ukurasa wa rejea umewekwa ili nisilazimike kusoma msimbo! Mafunzo ya wanaoanza yakichakaa nitayaruka. Lakini rejea mtu anaifungua usiku wa manane ana swali moja tu: kigezo hiki (sehemu ya kujaza thamani, kama ile 30 yangu) kinapokea nini, na nisipokiweka inakuwaje? Ikijibu uongo, bora isingekuwepo, ningeenda kwenye msimbo mapema. Hii ni daladala imeandikwa Posta halafu inakushusha Gongo la Mboto, na nauli umeshalipa.

Kilichonichoma zaidi ni hiki. Nilituma marekebisho, neno moja tu kwenye mstari mmoja. Kimyaaa. Baadaye roboti lao, programu inayofunga maombi yenyewe, likaja kufunga ombi langu la marekebisho eti "halina shughuli". Shughuli gani ifanyike kwenye neno moja? Ngoma ichezwe? Na muda wote huo wanaidhinisha vipengele vipya, navyo havina hata sentensi moja ya maelezo.

Najua ni kazi ya kujitolea, msinikumbushe. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ni huria pia, na mwongozo wao unakaa hifadhi moja na msimbo, kila ukurasa unaonyesha ni wa toleo gani. Lugha ya programu ya Python, wanakuandikia palepale chini ya fankshini kwamba kitu fulani kimebadilika kuanzia toleo fulani, na wana doctest inayoendesha mifano ya kwenye maelezo: jibu likitofautiana na lililoandikwa, jaribio linafeli. Lugha ya Rust nao, ukiendesha majaribio ya maktaba, mifano ya kwenye maelezo inajaribiwa humohumo. Sasa nyie mnashindwa nini kuweka kanuni kwamba badiliko lisilo na maelezo haliingii?

Na tatizo ni la siku nyingi. Utafiti wa 2017 wa GitHub, mtandao wa kuhifadhi miradi ya msimbo, ulikuta 93% ya waliohojiwa wanalalamikia maelezo pungufu au yaliyopitwa na wakati, ilhali 60% ya wachangiaji walikiri mara chache sana au kamwe hawayagusi. Kila mtu analia, mwenye kushika jembe hayupo. Na anayeshika mara nyingi halipwi: kurasa za mwongozo za Linux, mfumo endeshi huria, tunazozifungua kila siku kwa amri ya man, mtunzaji wake alitangaza 2024 kwamba anasitisha kazi kwa kukosa mfadhili. Kampuni zinazotengeneza pesa juu ya Linux zilikuwa wapi? Hapo nawapa lawama hata mabosi wetu, wanaotaka kila kitu cha bure halafu mfanyakazi akitumia saa mbili kurekebisha ukurasa wa watu wanauliza "hiyo inaingiza nini?"

Ombi langu limefunguliwa upya jana, nimelifungua mwenyewe, na nimeambatanisha mstari wa msimbo unaothibitisha. Kama kuna mdau humu mwenye ruhusa ya kuidhinisha kule, aje PM nimpe kiungo. Na lile roboti mlizime.