Mama mwenye nyumba ana paka saba, halafu viroboto ni "wa kwenu"?

Wakuu, sijapoa. Mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie.

Yule mama mnamjua, jina sitaji. Wa geti la bluu, paka wake wanalala kwenye kochi, na ukichelewesha kodi siku 1 anagonga mlango kama polisi. Leo asubuhi bombani, mbele ya wapangaji wote na muuza mkaa, kamvuta mwanangu mkono, kamtoa kiroboto kwenye kola ya shati la shule, kambana kati ya kucha mbili, TAP! Halafu kwa sauti ya kusikika mpaka stendi: "Hawa ni wa kwenu, mmekuja nao kwenye godoro."

Wa kwetu!

Chumba kilikaa kitupu miezi 2 kabla sijaingia. Aliyehama alikuwa na mbwa. Siku ya kwanza naburuta kitanda, sakafu ikachemka, soksi nyeupe zikawa kama zimenyunyiziwa pilipili manga. Kiroboto akiwa kwenye kifukofuko anakaa miezi bila kula, anasubiri mtetemo wa miguu, joto na pumzi, ndipo anachomoka. Walikuwa wananisubiri mimi na kodi yangu ya miezi 6! Na godoro ni jipya, nailoni nimeichana mbele ya macho yake.

Wakati anasema hayo, paka wake yuko pembeni anajikuna mpaka anaanguka. Kiroboto jike anaweza kutaga mayai 40 kwa siku, na mayai hayashiki kwenye manyoya, yanadondoka pale paka anapolala. Analala wapi? Kwenye kizingiti changu.

Kwa kucha, wakuu. TAP. Mtoto kaenda shule analia. Godoro jipya!

Mchuma Ndimu: Pole mkuu, ila kiroboto alikuwa na kitambulisho cha paka? Nimecheka hiyo TAP mpaka nimemwaga chai.

Mleta uzi: Cheka. Siku mwanao atakapofanyiwa hivyo bombani utanitafuta.

Daktari wa Mifugo: Mama kakosea. Kiroboto wa paka ndiye huyo huyo anayejaa kwa mbwa, na mtu akiwa karibu anamuuma pia. Unaowaona juu ya mnyama ni wachache, wengi ni mayai na mabuu kwenye nyufa na chini ya mkeka. Mabuu hayaumi, yanakula damu kavu iliyo kwenye kinyesi cha wakubwa. Dawa ya leo haiui waliomo kwenye vifukofuko, kwa hiyo rudia baada ya wiki 2. Mwangalie na mtoto, akimmeza kiroboto kwa bahati mbaya anaweza kupata tegu.

Mleta uzi: Nirudie kwa hela ya nani? Paka wa nani?

Mshana Mkavu: Paka saba kwenye nyumba ya kupangisha? Hii chai, tena ya tangawizi.

Shambalai: Nyie mnalilia muwasho. Kwetu Lushoto tauni ilizuka 1980 ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka 20. Bibi yangu akiona panya amekufa ndani hamgusi, anatoa watoto nje kwanza. Panya akipoa viroboto wake wanamhama, wanatafuta damu ya moto. Vijidudu vya tauni vinamziba kiroboto koo, damu haishuki, njaa inampandisha wazimu, anauma ovyo na kila akiuma anatapikia vijidudu humo humo. Tumezika watu. Halafu mwaka jana nimeenda kuposa, naambiwa "hawa si ndio watu wa tauni?" Mbele ya mshenga!

Mchuma Ndimu: Mbele ya mshenga? Hiyo imeishinda TAP.

Kisigino: Mmemsahau funza, naye ni kiroboto. Alitoka Amerika Kusini kwa meli, akashukia Angola 1872, akakatiza bara lote mpaka kwenye vidole vyangu. Jike anazama unyayoni anavimba kama njegere. Na shemeji yangu mnayemjua kajenga banda la nguruwe chini ya dirisha langu, nguruwe wenyewe wamejaa funza. Nikisema, naambiwa nina wivu wa maendeleo.

Mshana Mkavu: Afadhali nguruwe. Mimi ni panya. Hapa Morogoro pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, panyabuku wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini, wa kwangu wamejifunza waya wa friji tu. Jirani hataki kuziba shimo la ukuta.

Mleta uzi: Jamani, bombani! Kucha! Mbele ya muuza mkaa!

Kisigino: Mkuu, nguruwe wanaanza kupiga kelele saa 10 usiku.

Mchuma Ndimu: Shambalai, mshenga alijibuje?

Shambalai: Alikohoa, akaomba maji ya kunywa.